Barua ya wazi kwa wakuu wa majeshi: tenganisheni mlango wa tiba na mlango wa mashtaka

Kwa Mawaziri wenye dhamana ya Ulinzi,
Kwa Wakuu wa Majeshi,
Kwa Wakuu wa Tiba Jeshini.

YAH: HAKI YA ASKARI ALIYEFANYIWA UKATILI WA KINGONO KUSEMA, KUTIBIWA NA KUTUNZIWA SIRI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni sajenti mstaafu wa kikosi cha tiba. Nilivaa sare kwa miaka 22, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza katika chumba kidogo cha matibabu chenye kitanda kimoja, kabati la dawa na meza ya daftari la wagonjwa. Sitaji nchi, kambi wala kikosi nilichokitumikia. Sifanyi hivyo kwa woga. Kikosi kikitajwa, askari ninaowazungumzia watatambulika kabla jua halijazama, nao hawakunituma niwaanike. Ninamwandikia kila anayekalia viti hivyo vitatu, popote alipo, kwa kuwa mambo niliyoyaona chumbani mwangu nimeyakuta yakijirudia katika ripoti za majeshi yenye bendera tofauti kabisa.

Sikuanzia hadharani. Niliandika barua tatu kwa njia ya kawaida ya kijeshi: ya kwanza kwa mkuu wangu wa kikosi, ya pili kwa ofisi ya tiba iliyo juu yake, na ya tatu, nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, kwa makao makuu. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba nishughulike na dawa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mistari miwili, kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Nimesubiri kazi hiyo kwa miaka minne. Leo ninaandika mbele ya watu, kwa heshima ileile niliyokuwa nikiwapigia saluti, wala siombi radhi kwa kusema.

Nianze na asubuhi moja, maana hoja zangu zote zimetoka humo. Askari wa kike, aliyemaliza mafunzo ya awali muda si mrefu, alikuja kwenye foleni ya wagonjwa kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Mara zote alisema, "Kichwa, afande." Siku hiyo aliwaachia wenzake wote watangulie, akaingia wa mwisho. Alikaa ukingoni mwa kiti, akavua bereti yake, akaanza kuikunja. Aliikunja mara mbili, mara nne, mpaka nembo ya chuma ikawa inamchoma kiganjani, na bado hakuacha kukunja. Nilimwuliza kama kuna jambo jingine zaidi ya kichwa. Akautazama mlango. Niliinuka nikaufunga, nikamwambia, "Utakachosema kitabaki humu ndani."

Akaniambia. Aliyemtendea alikuwa kiongozi wake, mtu aliyempangia zamu za lindo, aliyemsainia ruhusa ya kutoka na aliyeandika tathmini yake. Tukio lilikuwa limetokea siku sita kabla. Alipokuja mara ya kwanza akasema kichwa, zilikuwa hazijapita hata saa 24.

Waheshimiwa, ninaomba mzitazame siku hizo sita kwa macho ya tiba. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafanya kazi ndani ya siku 5, na kadiri zinavyocheleweshwa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Ushahidi wa mwilini hufifia kwa kila kuoga na kila kufua nguo. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya uwezo wangu siku ya kwanza, kwenye kabati lililokuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti alichokalia. Nilimpa panado.

Kwa nini hakusema siku ile? Nilimwuliza, akanyoosha kidole kwenye daftari. Daftari la wagonjwa lilikuwa na safu ya namba, ya jina, ya kombania, ya ugonjwa na ya dawa, na kila siku saa sita mchana lilipelekwa ofisi ya kombania likasainiwe. Aliyelisaini, zamu nyingi, alikuwa ni mtu huyohuyo. Nilikuwa nimelijaza daftari lile kwa miaka kumi na sijawahi kujiuliza ni nani analisoma.

Wala hayakuishia hapo. Kanuni ilinitaka nipeleke habari ya kosa kwa mkuu wangu, nami nilitii. Nilipeleka kesho yake asubuhi. Jioni, gwaride zima lilikuwa linajua. Baada ya siku tisa askari yule alihamishiwa kituo kingine, na kabla mkataba wake haujaisha aliomba kuondoka jeshini. Aliyemtendea alibaki pale pale. Nilimwambia kitabaki humu ndani, na hakikubaki. Ninaibeba ahadi hiyo mpaka leo, na kutokana nayo ninaleta mbele yenu malalamiko yafuatayo.

1. Mlango wa tiba na mlango wa mashtaka umefanywa kuwa mmoja.

Hili ndilo lililonifanya niandike, na mengine yote ni matawi yake. Katika majeshi mengi, askari aliyeumizwa hawezi kumwambia mganga bila kuwa amemwambia mkuu wake. Mganga wa jeshi ni askari kabla ya kuwa mganga, na askari anatakiwa kupandisha habari ngazi kwa ngazi. Ninajua kanuni hiyo ilitungwa kwa nia njema, ili viongozi wasifunike maovu. Lakini inavyofanya kazi ni kwamba manusura akifungua mdomo tu, jambo lake linatoka mikononi mwake palepale. Wa kwanza aliuchukua mwili wake bila ridhaa, nasi tunaichukua habari yake bila ridhaa, tena tukiwa tumevaa koti jeupe.

Si mimi peke yangu ninayesema hivi. Nchini Kanada, Mkaguzi Mkuu wa serikali alieleza katika ripoti yake ya mwaka 2018 kwamba wajibu wa kila mwanajeshi kuripoti ulikuwa unawazuia baadhi ya waathirika wasiseme kabisa. Kanuni ile ilifutwa mwaka 2024. Jeshi la Marekani, tangu mwaka 2005, lina njia mbili. Kwa njia ya kwanza, inayoitwa taarifa yenye mipaka, askari anapata matibabu, anafanyiwa uchunguzi wa kukusanya ushahidi na anapewa mtu wa kumsindikiza, pasipo mkuu wake kutajiwa jina na pasipo upelelezi kuanza. Siku akiwa tayari, anaweza kuigeuza kuwa taarifa kamili. Tangu mwaka 2019 anaweza pia kuacha kwa siri maelezo ya aliyemtendea, na kama mwingine ataeleza habari za mtu huyohuyo, anajulishwa, kisha anaamua mwenyewe kama aendelee.

Sisemi kwamba jeshi hilo limemaliza tatizo lake. Makadirio yake lenyewe ya mwaka 2023 yanasema wanajeshi wapatao 29,000 waliguswa au kuingiliwa kingono bila hiari yao mwaka huo, na kwamba ni kama mmoja kati ya wanne tu aliyetoa taarifa. Ila angalieni namna walivyoipata hesabu hiyo: waliwauliza askari wenyewe kwa dodoso la siri, hawakungoja majalada. Jeshi linalohesabu majalada peke yake litaona majalada machache na kujipongeza, na uchache huo huo ndio kipimo cha hofu iliyomo kambini.

2. Anayeambiwa wa kwanza hajafundishwa kusikiliza.

Mtu wa kwanza kuambiwa si mpelelezi wala hakimu. Ni mwenzake wa bwenini, ni koplo wa zamu, ni mganga, ni kiongozi wa dini wa kikosi. Nimekaa karibu na mazungumzo hayo kiasi cha kuyajua majibu kwa kichwa. "Una uhakika?" "Ulikuwa unatafuta nini kule saa zile?" "Mbona hukupiga kelele?" "Vumilia, jeshi ni jeshi." "Mwenzio ana familia, usimharibie kazi." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wanaamini wanamsaidia.

Swali la kelele ninalirudia kwa sababu kwa askari ndilo linalokata zaidi. Huyu ni mtu tuliyemfundisha kupambana, kutambaa chini ya waya, kushambulia kwa singe. Akiulizwa kwa nini hakupigana, anakosa jibu hata la kujipa yeye mwenyewe, na ndipo aibu inapoota mizizi. Nasi watu wa tiba tunajua kwamba mwili uliozidiwa na hofu unaweza kuganda: misuli haitii, sauti haitoki, mtu anajiona kama anatazama kwa mbali. Hajaamua hivyo, na hakuna gwaride linalouondoa ubinadamu huo. Vivyo hivyo kumbukumbu. Anaweza kukumbuka harufu ya sabuni na mlio wa feni kwa usahihi wa kutisha, lakini asijue lipi lilitangulia lipi. Nimeona maelezo ya askari yakitupwa kwa sababu alitaja saa mbili tofauti, katika fomu ileile tunayojaza gari linapopata ajali.

Tunamfundisha kila kuruta kufunga jeraha linalovuja damu kabla mganga hajafika. Tunaweza pia kumfundisha, kwa asubuhi moja, maneno haya: asante kwa kuniambia, kosa si lako, unataka nini kifanyike sasa? Tena afundishwe kunyamaza baada ya kuuliza.

Mwanasaikolojia wa Marekani Jennifer Freyd ana jina la madhara anayoyapata mtu pale chombo anachokitegemea kinapomgeuka: usaliti wa taasisi. Utafiti alioufanya na mwenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuwa wa wanafunzi wa chuo. Waliofanyiwa ukatili na kisha kutelekezwa na taasisi zao walikuwa na dalili nzito zaidi za wasiwasi na kiwewe kuliko waliofanyiwa ukatili lakini hawakutelekezwa. Niliposoma hayo nilimfikiria askari wangu. Mwanafunzi anaweza kuhama chuo. Askari akiondoka kambini bila ruhusa ni mtoro, na anasakwa.

3. Mkuu wa kikosi ndiye anayeamua kama kuna kesi.

Mkuu wa kikosi anamjua mtuhumiwa. Huenda alimpandisha cheo, huenda anamtegemea kwa zoezi la mwezi ujao, na kila jalada linalofunguliwa chini yake linahesabiwa kama doa kwenye uongozi wake. Hata awe mwadilifu namna gani, tunamtaka awe hakimu wa nyumba yake mwenyewe.

Mwaka 2020 Vanessa Guillén, askari wa miaka 20, aliuawa katika kambi ya Fort Hood, Texas. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotolewa mwaka 2021, ulithibitisha kwamba kabla ya hapo alikuwa amenyanyaswa kingono na kiongozi wake, mtu tofauti na aliyemuua, kwamba habari hizo ziliwafikia viongozi wa kikosi, na kwamba hawakuchukua hatua ipasayo. Uingereza, Jaysley Beck, askari wa miaka 19, alilalamika mwaka 2021 kwamba afisa asiye na kamisheni aliyemzidi mbali kwa cheo alimshambulia kingono. Aliletewa barua ya kuombwa radhi. Desemba ya mwaka uleule alijiua, na mwaka 2025 uchunguzi wa kisheria kuhusu kifo chake ukasema kushindwa kwa jeshi kushughulikia malalamiko yake kulichangia. Barua ya radhi, waheshimiwa, kwa kosa ambalo baadaye lilimpeleka mtu yule gerezani.

Palipo na nia, mambo yamebadilishwa. Tangu mwishoni mwa Desemba 2023, uamuzi wa kushtaki kesi hizi katika jeshi la Marekani unafanywa na waendesha mashtaka maalumu walio nje ya mamlaka ya mkuu wa kikosi. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi. Sajenti wa kike wa jeshi la anga alijiua mwaka 2021 baada ya malalamiko yake kuzimwa, mkuu wa jeshi hilo la anga akajiuzulu, na tangu Julai 2022 makosa ya kingono yanayowahusu wanajeshi yanapelekwa kwenye mahakama za kiraia. Majeshi hayo bado yanatii amri na bado yanalinda mipaka yao.

4. Anayelalamika ndiye anayehamishwa.

Tunaliita jambo hili kumlinda. Anafungasha sanduku lake ndani ya siku chache, anapoteza marafiki, anapoteza kozi aliyokuwa ameandikiwa, anafika kituo kipya akiwa ametanguliwa na minong'ono. Kama mmoja lazima aondoke wakati uchunguzi unaendelea, aondoke mtuhumiwa, na manusura ahame pale tu atakapoomba mwenyewe.

5. Askari wa kiume wamesahaulika kabisa.

Miaka mingi baada ya asubuhi ile ya bereti, koplo mmoja alikuja kwangu na fomu za uchunguzi wa afya wa kuagwa jeshini. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi, kipenzi cha kombania. Tulifika kwenye kipengele cha usingizi. Alisema hajalala usiku mzima tangu alipokuwa kuruta, yaani kwa miaka 16. Nilidhani atanieleza habari za vita. Alinieleza habari za usiku wa kuwakaribisha wageni kambini, kile walichokiita utani, na fimbo ya ufagio. Kisha akasema, "Sikujua kama haya yana fomu. Nilidhani ni ya wanawake."

Hakuwa peke yake. Vituo vya afya vya wastaafu wa jeshi la Marekani humwuliza kila anayetibiwa kama alipatwa na unyanyasaji au ukatili wa kingono akiwa jeshini. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu hujibu ndiyo, na mwanamume mmoja kati ya 50. Uwiano wa wanaume unaonekana mdogo mpaka ukumbuke jinsi walivyo wengi jeshini. Ukiwahesabu vichwa, ni umati. Utafiti wa RAND, shirika la utafiti la Marekani, wa mwaka 2014 juu ya jeshi la nchi hiyo uligundua kwamba wanaume huelekea zaidi kuliko wanawake kufanyiwa na watu zaidi ya mmoja, kurudiwa mara nyingi, na kuliita tukio lenyewe mila ya kukaribisha wageni. Na utafiti wa kitaifa wa nchi hiyo uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta kwamba kati ya wanaume waliosema kubakwa ndilo jambo baya kuliko yote yaliyowahi kuwapata, asilimia 65 walipata ugonjwa wa kiwewe. Mabango yetu yote ya ukutani, machache tuliyo nayo, yana picha ya mwanamke. Koplo yule aliyapita kila siku.

6. Waliokwisha kuvua sare wanadaiwa ushahidi ambao jeshi liliwazuia kuupata.

Wengi husema baada ya kuondoka, kwa kuwa ndipo wanapokuwa salama. Wakija kudai matibabu au fidia wanaambiwa walete taarifa waliyoiandikisha wakati ule. Taarifa gani? Ile ambayo ingesomwa na aliyewatendea? Baya zaidi, baadhi waliondolewa jeshini kwa cheti kinachosema wana kasoro ya tabia, kumbe kilichoitwa tabia kilikuwa kiwewe: hasira, kukosa usingizi, kuchelewa gwaride, pombe. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika juu ya jambo hilo katika jeshi la Marekani mwaka 2016. Cheti hicho humfuata mtu kila anapoomba kazi.

Lipo lililo bora, na linafanyika. Wastaafu wa jeshi hilohilo wanatibiwa bure maradhi ya mwili na ya akili yanayotokana na ukatili wa kingono jeshini, bila kudaiwa kuwa waliripoti na bila kudaiwa ushahidi, na kila mfumo wa vituo vyao una mratibu wa jambo hilo. Kwenye madai ya fidia, pale ambapo hakuna taarifa rasmi, wanaruhusiwa kutumia dalili za pembeni: ombi la ghafla la uhamisho, utendaji ulioporomoka, kipimo cha mimba au cha magonjwa ya zinaa, barua aliyomwandikia ndugu. Askari wangu aliacha dalili ya namna hiyo. Iko kwenye daftari, mara tatu ndani ya wiki moja: kichwa.

Waheshimiwa, ninajua majibu nitakayopewa, kwa sababu nilikwisha kupewa.

Mtasema mkuu wa kikosi asipojua hawezi kulinda askari wake. Ajue, ila aambiwe tukio, asiambiwe jina. Hata chini ya ile taarifa yenye mipaka, mkuu wa kambi hupewa habari zisizomtambulisha mtu, kwamba limetokea tukio la aina fulani, na kiongozi makini ataongeza taa, atabadilisha zamu, atachunguza mabweni. Zaidi ya hapo, chini ya kanuni ya sasa hajui chochote, maana hawasemi.

Mtasema kuna watakaowasingizia wenzao. Wapo, kama walivyo katika kila kosa. Tafiti zinazotajwa sana zinaziweka taarifa za uongo kati ya asilimia 2 na 10 ya taarifa zote. Lakini mlango wa siri ninaouomba haumshtaki mtu, haumweki mahabusu wala haumnyimi cheo. Mtu anayetaka kumharibia mwenzake hana cha kupata humo. Atakayeshtakiwa atashtakiwa kwa mlango wa pili, mbele ya mwendesha mashtaka asiyemjua yeyote kati yao, na hilo linamlinda hata asiye na hatia.

Mtasema kuyasema haya hadharani kunalivunjia jeshi heshima. Nchini Japani, askari wa kike Rina Gonoi aliripoti kwa utaratibu kwamba wenzake walimshambulia kingono, upelelezi ukaishia kukosa mashahidi, na ni baada ya kuacha jeshi na kujitokeza kwa jina na sura yake mwaka 2022 ndipo jeshi lilipochunguza upya, likakiri na kumwomba radhi. Desemba 2023 mahakama ya Fukushima iliwatia hatiani watu watatu. Kilicholivunjia jeshi lile heshima ni miezi ile ya kukana.

Mtasema bajeti. Kabati lenye kufuli kwa ajili ya majalada ya tiba halihitaji kikao cha baraza la mawaziri. Kanada ilikubali mwaka 2019 kutenga hadi dola milioni 900 za nchi hiyo kuwalipa fidia wahanga wa ukatili na ubaguzi wa kijinsia katika jeshi na wizara yake ya ulinzi. Linganisheni wenyewe.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaomba yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 90. Kanuni ibadilishwe ili mganga, mshauri nasaha na kiongozi wa dini wa kikosi waruhusiwe, na walazimike, kuitunza siri ya askari aliyefanyiwa ukatili wa kingono, isipokuwa maisha ya mtu yawe hatarini. Daftari la wagonjwa lisitoke tena chumba cha matibabu. Ofisi ya kombania ipewe jina na idadi ya siku za mapumziko, basi. Dawa za saa 72 na vifaa vya kukusanya ushahidi viwepo katika kila kituo cha tiba cha jeshi, na ushahidi utunzwe kwa miaka, hata kama mwenyewe hajaamua kushtaki. Uamuzi wa kushtaki uondolewe mikononi mwa wakuu wa vikosi. Manusura asihamishwe bila ombi lake la maandishi, na atakayemlipizia kisasi ashtakiwe kwa kosa hilo peke yake. Kila mafunzo ya awali na kila kozi ya uongozi iwe na somo la kusikiliza, linalowataja wanaume waziwazi. Wastaafu watibiwe bila kudaiwa taarifa ya zamani, na vyeti vya kuachishwa kwa kisingizio cha tabia vipitiwe upya na jopo lenye watu wa afya ya akili kutoka nje ya jeshi.

Kama yote hayawezekani kwa pamoja, anzeni na daftari. Amri yake ni ya ukurasa mmoja na inaweza kutoka wiki hii.

Niko tayari kuitwa na kuhojiwa, na nitakuja na nakala za barua zangu tatu pamoja na tarehe zake. Sitakuja na majina. Askari wa bereti na koplo wa fomu waliisoma barua hii kabla sijaitoa, kila mmoja kwa wakati wake. Koplo hakutaka kitu kibadilishwe. Askari aliomba sentensi mbili ziondolewe, nami nimeziondoa.

Wenu katika utumishi,

Sajenti mstaafu,
Kikosi cha Tiba

Nakala: Kamati za Bunge zinazosimamia ulinzi
Nakala: Tume za haki za binadamu